Isebania si Busia: Karatasi unazohitaji ili kusafiri, kufanya kazi na kufanya biashara kwa majirani zetu

SOMO LA TOLEO HILI

Barabara inayopita katikati ya soko la Suneka haiishii Migori. Ukiifuata kupitia Rongo, Awendo na Migori utafika Isebania, na hatua chache tu kutoka hapo ni Sirari, katika Wilaya ya Tarime, Tanzania. Ni safari ya saa chache kwa matatu. Ndiyo maana wakazi wengi wa kaunti yetu hutazama ng'ambo ya mpaka wanapotafuta soko la ndizi, parachichi au vinyago vya mawe ya Tabaka, au wanapotafuta kazi. Wengine hutafuta shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, takriban watu 957 kwa kila kilomita mraba, na kila mzazi mwenye ekari moja na wana wanne anajua maana ya hesabu hiyo.

Wapo wanaovuka na kurudi na faida. Wapo pia wanaorudishwa mpakani, wanaonyang'anywa bidhaa, au wanaolala korokoroni katika nchi ambayo hawana ndugu wa kuwatembelea. Mara nyingi kosa lao si wizi. Ni kudhani kwamba, kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki, karatasi moja inatosha kwa kila jambo.

Masuala ya uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo kaunti haitoi pasipoti. Hata hivyo, masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti, na maswali kuhusu mpaka huulizwa katika masoko yetu. Somo hili linajibu manne kati ya hayo:

1. Nchi jirani zilikubaliana nini hasa?
2. Kitambulisho cha taifa kinatosha wapi, na wapi hakitoshi?
3. Ukitaka kufanya kazi, kufungua biashara au kulima, unahitaji nini zaidi?
4. Utamtambuaje ajenti anayekuuza badala ya kukusaidia?

NCHI ZILIKUBALIANA NINI

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Mwaka huohuo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Wazee wa Kuria na Gusii waliokuwa na jamaa upande wa pili wanaukumbuka wakati huo vizuri. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Leo ina wanachama wanane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia.

Hati inayomgusa msafiri wa kawaida zaidi ni Itifaki ya Soko la Pamoja. Ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inataja haki kadhaa, na kila moja inasimama peke yake:

• Haki ya kuingia na kutembea. Raia wa nchi mwanachama anapewa pasi ya kuingia na kukaa hadi miezi 6, bila malipo.
• Haki ya kufanya kazi ya kuajiriwa. Kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizofungulia majirani.
• Haki ya kujiajiri na kuanzisha biashara.
• Haki ya kuishi, inayotokana na kazi au biashara hiyo.

Kuhusu ardhi, Itifaki inasema waziwazi kwamba matumizi yake yataongozwa na sheria ya kila nchi. Nchi hazikuahidiana mashamba.

Pia kila nchi ilibakiza uwezo wa kuweka mipaka kwa sababu ya usalama, utaratibu wa umma au afya. Tuliona hilo tarehe 16 Mei 2020, wakati wa Korona, Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria na kuruhusu malori ya mizigo pekee.

Shika jambo hili moja, kwa maana somo lote linasimama juu yake: ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi, na ruhusa ya kufanya kazi si ruhusa ya kufungua duka.

KITAMBULISHO KINATOSHA WAPI?

Itifaki inaziruhusu nchi zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kama hati za kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu Januari 2014 raia wa nchi hizo tatu wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hivyo ukienda Kampala kupitia Busia au Malaba, au ukivuka Uganda hadi Kigali, kitambulisho chako kinatosha kukuingiza.

Tanzania haimo katika mpango huo. Ukifika Sirari unahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa safari za Afrika Mashariki. Hapa ndipo wengi huponzwa. Mtu amekwenda Uganda mara tatu kwa kitambulisho, halafu anapanda gari la Isebania akidhani mambo ni yaleyale.

Mambo mengine ya kukumbuka kabla ya safari:

• Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Maafisa wa afya mpakani wanaweza kukuuliza.
• Mtoto anahitaji hati yake mwenyewe. Akisafiri na mtu asiye mzazi wake, awe na barua ya idhini ya wazazi.
• Maombi ya pasipoti huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, na kuna ofisi ya uhamiaji Kisii mjini. Ada hubadilika, kwa hivyo soma kiasi kwenye eCitizen yenyewe wala usitegemee unachoambiwa mlangoni na mtu asiye na beji.

UKIFIKA ISEBANIA

Isebania na Sirari zinahudumiwa na kituo cha huduma za pamoja mpakani. Zamani msafiri alipanga foleni ya kutoka Kenya, akatembea, kisha akapanga foleni nyingine ya kuingia Tanzania. Sasa maafisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo vya aina hii. Hatua ni hizi:

1. Ukitoka Kenya, nenda hadi jengo la upande wa Sirari. Hapo afisa wa Kenya atakugongea muhuri wa kutoka.
2. Sogea kwa afisa wa Tanzania. Atakuuliza unakwenda wapi, kwa shughuli gani na kwa siku ngapi. Sema ukweli.
3. Soma muhuri wako kabla ya kuondoka dirishani. Itifaki inataja hadi miezi 6, lakini siku zinazokufunga ni zile ulizoandikiwa.
4. Kama una bidhaa, pita kwa maafisa wa forodha kabla ya kutafuta gari.
5. Ukirudi, yote hufanyika katika jengo la upande wa Isebania.

Hatua ya pili ni nzito kuliko inavyoonekana. Ukisema unakwenda kumtembelea shangazi, pasi utakayopewa ni ya mgeni. Ukikamatwa wiki mbili baadaye ukiuza nguo sokoni Tarime, hutakuwa tu umefanya biashara bila kibali. Utakuwa pia umemdanganya afisa, na safari zako zijazo zitabeba alama hiyo.

UNAPOTAKA KUAJIRIWA

Kwa kazi ya zaidi ya siku 90, kanuni za Itifaki zinataka uombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi baada ya kuingia mkataba, nayo mamlaka ya nchi husika ikujibu ndani ya siku 30. Kwa kazi ya muda mfupi zaidi, kuna pasi maalum. Mkataba wa maandishi ndio mwanzo wa yote. Bila mkataba huna cha kuombea kibali.

Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoa ada za vibali vya kazi kwa raia wao. Kumbuka kwamba kuondolewa ada si kuondolewa kibali, bado unakiomba.

Tanzania hufuata sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wasio raia. Huko unahitaji karatasi mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Maombi ya kibali cha kazi hufanywa na mwajiri. Mwajiri akikuambia uje kwanza uanze kazi, karatasi zitafuata, anakubebesha hatari ambayo sheria imempa yeye.

UNAPOTAKA KUFUNGUA BIASHARA

Hapa ndipo makubaliano ya nchi zetu yanapopita katika jaribio gumu, na ni vizuri mkazi aujue ukweli kama ulivyo.

Mwishoni mwa Julai 2025, Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya supamaketi na wauzaji wa jumla wa bidhaa za wazalishaji wa ndani, huduma za kutuma pesa kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, maduka ya vinyago na makumbusho, udalali, na kununua mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo cha hadi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia wa Tanzania anayemsaidia mgeni kukwepa amri hiyo naye anaadhibiwa.

Kenya ililalamika hadharani kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na haki ya kujiajiri iliyomo katika Itifaki. Tanzania ilisema inalinda wafanyabiashara wake wadogo. Hoja zote mbili zina watu nyuma yake: muuza duka wa Tarime anahofia ushindani, na fundi wa Suneka anatafuta riziki. Mizozo ya namna hii hutatuliwa na mawaziri wa Jumuiya, au katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mkataba unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuipelekea mahakama hiyo kesi dhidi ya sheria au hatua anayoona inavunja Mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili.

Lakini afisa anayekuja kibandani kwako Tarime hatekelezi Itifaki. Anatekeleza sheria ya nchi yake. Kabla hujatoa akiba ya chama kwenda kukodi kibanda ng'ambo, ulizia kama biashara yako imo katika orodha hiyo. Ujue pia kwamba leseni ya biashara uliyolipia hapa Suneka haina nguvu upande wa pili wa mpaka.

UNAPOPELEKA BIDHAA

Kuuza bidhaa kwa mnunuzi wa Tanzania ni jambo tofauti na kufungua duka Tanzania, na hapa mlango uko wazi zaidi. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo. Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, umezalishwa katika nchi wanachama na umo katika orodha iliyokubaliwa, forodha mpakani hukupa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kutozwa.

Mazao ya shambani yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa upande wetu hutolewa na KEPHIS. Chukua cheti hicho kabla ya kupakia. Ndizi hazisubiri.

UNAPOTAFUTA SHAMBA

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Ukiambiwa kwamba mtendaji wa kijiji ameshaweka sahihi na shamba ni lako, ujue sahihi hiyo haiwezi kukupa haki ambayo sheria ya nchi haijakupa. Siku mwenye shamba au mwanawe akibadili nia, hutakuwa na pa kushtaki.

Usiione kama chuki. Katiba yetu wenyewe, Kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodisha, na kwa muda usiozidi miaka 99.

NJIA ZA PANYA NA MAAJENTI

Mpaka wetu na Tanzania una vichochoro vingi, na boda boda wa kukuvusha hakosekani. Anachokuokolea ni foleni. Anachokunyima ni muhuri. Bila muhuri, kwa mujibu wa rekodi hukuingia nchi hiyo. Ukiibiwa, ukipigwa na mwajiri au ukinyimwa mshahara, utaogopa kwenda polisi, na anayekudhulumu anajua hivyo.

Ndiyo sababu wanaofanya biashara ya binadamu hupenda vichochoro hivyo. Vyombo vya habari vimeeleza jinsi watoto wenye ulemavu walivyotolewa Tanzania na kuletwa Nairobi kuombaomba, huku pesa zikienda kwa waliowaleta. Wakenya nao wamepitishwa katika nchi jirani kwa ahadi za kazi za mbali ambazo hazikuwapo. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya biashara ya binadamu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Shuku ajenti ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Anataka kukaa na pasipoti au kitambulisho chako.
• Hataki kukuonyesha mkataba, au anakuonyesha ulioandikwa kwa lugha usiyoielewa.
• Anakufundisha uongo wa kumwambia afisa wa uhamiaji.
• Kazi ni ya Ghuba lakini anataka uondokee uwanja wa ndege wa nchi jirani bila sababu inayoeleweka.
• Anakukataza kumwambia mtu wa nyumbani.

Ajenti halali wa kazi za nje huwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Dai nambari yake ya usajili na uithibitishe kwa Mamlaka yenyewe. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwake haitoshi.

MIFANO YA KUJADILI
(Majina ni ya mfano tu.)

Moraa anauza vinyago vya mawe. Mwenye duka wa Mwanza, raia wa Tanzania, ameagiza mzigo wa dola 900. Moraa anahitaji pasipoti au hati ya muda, na kupita forodha apate cheti cha asili ya bidhaa. Akimaliza kuuza anarudi. Safari hii ni halali. Akiamua kufungua duka lake mwenyewe la vinyago Mwanza, anaingia katika orodha ya biashara zilizozuiwa.

Ombati ni fundi wa simu. Rafiki amemwahidi kibanda Tarime. Utengenezaji wa simu umo katika orodha. Hata akiwa na pasipoti yenye muhuri safi, kibanda hicho kinaweza kumfunga yeye na rafiki yake.

Kwamboka ni mwalimu aliyepata kazi ya miaka miwili katika shule ya Kampala. Anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho. Kabla ya kuondoka aupate mkataba wa maandishi na aulize kama vyeti vyake vinatambuliwa huko. Kisha aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi. Ada ya kibali imeondolewa. Akipuuza kibali kwa kuwa aliingia bila shida, atakuwa anafanya kazi kinyume cha sheria.

PA KUPATA MSAADA

• Pasipoti na hati za muda: eCitizen au ofisi ya uhamiaji Kisii.
• Ukiwa huna kitambulisho au kimepotea: Huduma Centre Kisii, au kupitia kwa chifu wako.
• Mtoto aliye hatarini: piga 116. Nambari hiyo ya watoto hutumika Kenya, Tanzania na Uganda.
• Ukikamatwa ng'ambo: una haki ya kuomba ubalozi wa Kenya ujulishwe. Ubalozi wetu uko Dar es Salaam kwa Tanzania na Kampala kwa Uganda.
• Kabla ya safari: mwachie mtu wa nyumbani nakala ya hati zako, jina la mwajiri au mnunuzi, na siku unayotarajia kurudi.

MASWALI YA BARAZA NA VYAMA

1. Katika kikundi chenu, ni nani anayefanya biashara ng'ambo, na ana karatasi zipi kati ya zilizotajwa?
2. Kijana wenu akiahidiwa kazi Tanzania kesho, ni maswali gani matatu mtamuuliza kabla ya kumchangia nauli?
3. Muuza duka wa Tarime na fundi wa Suneka wote wanataka kulindwa. Nchi zetu zingekubaliana vipi ili wote wawili wale?

Msomeeni jibu la swali la pili kila anayekuja kuomba nauli.